Grisi Kwenye Nati ya Oksijeni

Kasese, Ijumaa. Magharibi bado.

Leo mlima ulijianika mapema. Tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi karibu saa nne theluji ilionekana yote bila wingu hata moja, kisha ukajifunika kama kawaida yake na joto la Kasese likaanza kazi. Sasa jua linashuka. Nimekaa juu ya kreti ya soda chini ya bawa la ndege yangu, hapa kwenye yadi ya malori, miguu peku, simu mkononi. Nina furaha na nina aibu. Furaha ndiyo kubwa, lakini nitaanza na aibu, maana nikiiacha mwisho nitaikwepa.

Kwa aliyefika leo kwenye ukurasa huu: naitwa Zubeda. Nina malori matatu ya chumvi niliyorithi kwa baba, na ndege moja niliyoijenga mwenyewe. Ni ndege ya watu wawili, mwili wa alumini, ilikuja vipande vipande ndani ya masanduku kupitia Mombasa, na kuiunganisha kumenila miaka saba. Urubani nilisomea Soroti nikiwa na miaka thelathini na minane, darasa zima likiniita shangazi. Hapa mjini walisema nimerogwa. Siku niliyoipaisha mara ya kwanza, wale wale waliosema walikuja kupiga picha kando yake, mmoja kavaa suti. Sina kinyongo nao. Nilijua tangu mwanzo kuwa itaruka, na iliruka.

Kama umenisoma kwa muda, unajua kuwa unyenyekevu si fani yangu.

Ila sikuijenga peke yangu. Nusu ya riveti za ndege hii alizipiga Papa Kasereka, fundi wangu. Ni Mkongo, Mkatoliki, ana miaka sitini na kitu, na rozari yake hukaa mfuko mmoja na spana ndogo. Alikuwa na gereji Butembo, lakini kwao hasa ni Mutwanga, upande wa pili wa mlima huu huu ninaoutazama nikiandika. Vita vilimtoa. Siku hizi anaishi Bwera na mkewe, Maman Masika, anayeuza mafuta ya mawese kwenye soko la mpakani. Siku za kazi analala hapa yadini, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya matairi. Siku za soko na Jumapili anarudi kwa mkewe.

Kwao ni karibu mno na hawezi kufika. Hilo ndilo linalomtafuna, ingawa hasemi. Kila asubuhi akitoka chumbani anautazama mlima kwanza, kabla hajanawa uso, na mimi nimejifunza kutomsemesha mpaka amalize.

Miaka saba iliyopita, tulipofungua sanduku la kwanza, nilimwahidi kitu. Nilimwambia ndege hii ikikamilika nitampandisha. Hatutavuka mpaka, tutabaki upande wetu wa Uganda, lakini tutapanda mpaka mgongo wa mlima usituzuie tena, naye atatazama chini upande wa pili. Mama yake amezikwa kando ya kanisa lenye bati jekundu, kwenye mteremko wa kahawa. Anataka kuliona bati lile. Katika miaka yote hii hajaniomba kitu kingine, hata ruhusa ya kwenda kwenye ubatizo wa mjukuu ilibidi Maman Masika anipigie simu kumwombea.

Shida ni kwamba ili kuona ng'ambo ya mlima kwa usalama inabidi kufika kama futi elfu kumi na tano, na huko hewa ni nyepesi. Mwezi uliopita nilikwenda peke yangu kujaribu. Nilijiambia kuwa mtu aliyezaliwa chini ya mlima ana mapafu ya mlima. Nilifika futi elfu kumi na nne nikiwa mzima kabisa, kwa maoni yangu. Niliimba. Nilijisifu kwa sauti, peke yangu, jina langu na la baba yangu. Niliandika vipimo vya injini kwenye karatasi niliyoifunga gotini. Kisha nikabana kidoleni kile kipimo kidogo cha hospitali kinachosoma oksijeni ya damu. Kikasema themanini na moja. Kwa bahati nilikuwa nimebandika kwenye dashibodi karatasi yenye herufi kubwa, CHINI YA TISINI SHUKA, nami nikatii kwa sababu sikuwa na akili ya kubisha.

Nilipotua nikaisoma ile karatasi ya gotini. Joto la oili nilikuwa nimeliandika mara tatu, kila mara namba tofauti. Mstari wa mwisho haukuwa maandishi hata kidogo. Na kule juu ningekula yamini kuwa naandika vizuri.

Hilo ndilo lililonitisha. Ile hakika.

Basi nikaagiza oksijeni. Mfumo wenyewe si mgumu. Kuna mtungi mdogo unaokaa nyuma ya viti, umefungwa kwa mikanda miwili ya chuma. Kuna regyuleta inayokaa mdomoni mwa mtungi kupunguza nguvu ya gesi, kama ile ya gesi ya jikoni ila ngumu zaidi. Kutoka hapo mpira mwembamba unapita chini ya kiti, unagawanyika mara mbili, na kila mtu anavaa mirija miwili midogo puani. Mikanda ya mtungi tulikaa nayo siku nne, maana mtungi ukichomoka kwenye mtikisiko unakuwa kombora kisogoni mwako. Papa Kasereka alikunja vyuma, akavitupa, akakunja vingine. Mimi nilishika tochi na kutoa maoni.

Sasa, jambo moja la oksijeni ambalo kila anayeigusa lazima alijue. Oksijeni iliyoshindiliwa haipatani na mafuta. Grisi kidogo tu kwenye nati ya mtungi, gesi ikafunguliwa kwa nguvu, inaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Ukiwa chini unaungua. Ukiwa angani, ndani ya kijumba cha alumini chenye viti viwili na petroli kwenye mabawa, sitaki hata kuandika.

Na sisi hapa ni watu wa grisi.

Mtu asiyefanya kazi ya chumvi hawezi kuelewa. Lori linalobeba chumvi ya Katwe linaliwa likiwa hai. Chumvi inaingia kwenye fremu, kwenye springi, kwenye bawaba za milango, na nati uliyoifunga kavu leo, baada ya miezi mitatu huifungui mpaka uikate kwa msumeno. Kwa hiyo katika yadi yetu hakuna nati inayofungwa bila kupakwa grisi kwanza. Baba alikuwa akikuta nati kavu anaifungua na kuifunga upya, hata kama lori limeshapakiwa na dereva amewasha injini. Alinifundisha nikiwa na miaka minane. Grisi inachotwa kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ili mkono wa kulia ubaki safi kwa usukani na kwa kusalimia watu. Nimefanya hivyo miaka thelathini na saba. Pipa la grisi lilikuwa bado pale pale alipoliweka, mlangoni mwa karakana, na ukipita kidole kilikwenda chenyewe.

Nililijua hilo. Ndiyo maana kabla ya kufunga mtungi niliita watu wote wa yadi, madereva na matanboi wanaopakia chumvi, nikawapa somo la nusu saa. Nilichukua rangi nyekundu nikaandika kwenye mlango wa chumba cha ndege: HAPA HAKUNA GRISI. Nilinunua spana mpya zisizowahi kuonja mafuta. Nilinunua spiriti ya kusafishia. Niliongea sana, kwa kile Kiswahili changu cha Mombasa nilikosomea, ambacho huwachekesha hapa, na Papa Kasereka alikaa mbele kabisa akiandika kila neno kwenye daftari lake.

Daftari hilo yeye huliita kaye. Anayo ya kila mwaka tangu Butembo, yale tu aliyoweza kukimbia nayo. Anaandika kila bolti iliyofungwa, siku yake, na nani kaifunga. Nilikuwa nikimtania kuwa siku ya kiyama malaika wataliazima wapumzike.

Jumatatu tulifunga kila kitu. Jumanne ni siku ya soko, kwa hiyo yeye akaondoka alfajiri kwenda Bwera kumsaidia mkewe, nami nikabaki kufanya jaribio la kwanza. Ilikuwa nifungue mtungi taratibu, nipake maji ya sabuni kwenye viungio, nitazame kama kuna povu. Mkono ulikuwa tayari kwenye koki. Nikamulika tochi kwanza, kwa mazoea tu. Nati kubwa ya regyuleta ilikuwa inang'aa.

Nikagusa. Nikanusa. Grisi ya pipa letu.

Nilikaa chini palepale kwenye sakafu nikahesabu pumzi kama walivyotufundisha Soroti. Kisha hofu ikageuka hasira, na hasira yangu wanaonijua wanaijua. Sikufikiri hata dakika moja. Watu waliogusa mtungi ni wawili, na mmoja wao ni mimi niliyetoa somo na kuandika mlangoni. Nikachukua pikapu.

Kutoka hapa hadi Bwera unashuka Kikorongo, unakata kulia, unapita Kisinga, na kwa njia yote hiyo nilikuwa naongea peke yangu. Nilitunga hotuba. Nilipofika sokoni hotuba ilikuwa imeiva.

Maman Masika alikuwa amepanga majagi ya mawese kwenye meza, mekundu, na wanawake watano sita wamemzunguka. Papa Kasereka alikuwa amechuchumaa anafunga dumu kwa kamba ya mpira. Sikusalimia. Mimi, mtoto wa baba yangu, sikusalimia watu wazima.

Nilimwuliza kama alitaka kutuchoma. Nilimwambia nimesema mara ngapi, nimeandika mlangoni kwa rangi ya damu, na yeye mzee mzima na kaye lake kakaa mbele anatikisa kichwa, kumbe hasikii. Nilimwita mzembe. Nilitamka neno hilo mara mbili, na la pili lilisikika hadi kwa wauza samaki.

Mmoja wao akaniambia, "Hajati, tuliza kwanza. Huyu ni muzee."

Papa Kasereka alisimama polepole, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Grisi iko wapi, patroni?"

"Kwenye nati ya mtungi."

Alinitazama. Kisha akamwambia mkewe kitu kwa Kinande, akachukua mkoba wake wa turubai ambao kaye halitoki ndani yake, akaubana kwapani.

"Twende Kasese," akasema. "Tutaangalia."

Tulipita Kikorongo, mlima ukiwa umejifunika, naye anautazama hivyo hivyo.

Yadini alinawa mikono kwa sabuni, kisha kwa spiriti, akaingia chumba cha ndege, akaanza kufungua viungio kimoja kimoja kutoka mwisho wa mpira kuja mbele. Kila kimoja alikifuta kwa kitambaa cheupe na kunionyesha kitambaa. Kikavu. Kikavu. Kikavu. Viungio saba, kitambaa cheupe kama kilivyotoka dukani. Alipofika kwenye regyuleta hakuifungua. Alitoa kaye mkobani, akatafuta ukurasa wa Jumatatu, akaniwekea mbele.

Viungio vya mpira, saba: Kasereka. Mikanda ya mtungi: Kasereka. Nati ya regyuleta: patroni.

Nikasoma mara mbili. Kisha Jumatatu yote ikanirudia.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikuwa na nati mkononi, na simu ikalia. Dereva wangu alikuwa Kabatoro na lori limejaa chumvi, turubai limechanika, na wingu jeusi linakuja kutoka ziwani. Chumvi ikinyeshewa ni maji. Nilibana simu kati ya sikio na bega nikaanza kumfokea aazime turubai popote. Nikatoka hadi mlangoni mwa karakana kutafuta mtandao. Nikarudi, bado nafoka, nikafunga nati. Mlangoni pale ndipo lilipokuwa pipa.

Kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Sikukumbuka kukichovya. Bado sikumbuki. Lakini nilipokitazama Jumanne ile, kucha yake ilikuwa nyeusi, na kucha za vidole vingine vyote tisa zilikuwa safi.

Kule juu ningesingizia hewa. Hapa chini nilikuwa na hewa ya kutosha.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilimwambia samahani, na neno likatoka dogo, halina nguvu. Nikamwuliza swali lililokuwa linanichoma zaidi ya yote. Kwa nini hukulifungua kaye kule sokoni? Ulikuwa nalo mkononi. Ulijua tangu niliposema nati. Ungefungua ukurasa mmoja tu ukaninyamazisha.

Aliendelea kupanga spana zake.

"Mu soko mulikuwa batu, patroni," akasema.

Basi. Hilo tu. Aliniacha nimtukane mbele ya mkewe ili mimi nisiaibike mbele ya wauza samaki.

Sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona pale, na mimi nimewahi kuanguka mtihani wa urubani mara mbili.

Jumatano tulirudi kazini. Mtungi na regyuleta vilivyoguswa na grisi tuliviondoa vyote, nimevituma Kampala kwa fundi wa oksijeni avisafishe, kwa sababu mambo ya kufuta kwa kitambaa na kutumaini hayapandi kwenye ndege yangu. Nilikuwa na jozi ya pili. Kila kitu mimi hununua viwili, ni ugonjwa wa watu wa malori. Pipa la grisi nimelihamishia upande wa pili wa yadi, nyuma ya lori bovu. Lilikaa mlangoni miaka thelathini na ushei na madereva wamelalamika, kila mmoja kachota hewa mara tatu kabla ya kukumbuka. Na sheria mpya ni kwamba mimi siruhusiwi kushika simu ndani ya chumba cha ndege, wala kufunga nati yoyote ya oksijeni. Papa Kasereka anafunga, mimi nasoma orodha kwa sauti. Hakunilazimisha. Nilijitungia mwenyewe na nikaisaini kwenye kaye lake.

Alhamisi asubuhi tulipaka maji ya sabuni. Hakuna povu hata moja. Nakwambia ukweli, kazi ile ni safi, iko imara, mpira umepita vizuri kabisa chini ya kiti, na mikanda ile ungeweza kuning'inizia ng'ombe. Mchana tuliivuta ndege hadi kiwanjani, nikakaa ndani nimevaa mirija puani, injini inanguruma, kipimo kidoleni kinasoma tisini na tisa. Askari wa geti, ambaye huniita afande kwa kunitania, alikuja akachungulia dirishani.

"Afande, uko mugonjwa?"

Nikamwambia nafanya mazoezi ya kuwa mgonjwa. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Lakini kiti cha kulia kilikuwa kitupu. Nilimwita Papa Kasereka apande naye ajaribu mirija yake. Akasema yuko sawa hapo nje, anataka kusikiliza injini. Siku nyingine zote, ndege ikiwa inanguruma tu, alikuwa hakosi neno juu ya safari yetu, tuliyoipangia Jumamosi hii. Atakaa upande gani. Bati litaonekana au jua litalimeremetesha. Tangu Jumanne hakuwa amegusia hata mara moja. Nami nikaanza kuelewa kuwa huenda nimeharibu kitu ambacho hakina jozi ya pili.

Mtu anapanda ndege ya kujitengenezea na nani? Na anayemwamini. Nami nilikuwa nimeonyesha vyote viwili kwa siku moja, kuwa mikono yangu inasahau na mdomo wangu hausubiri. Ningekuwa yeye, ningebaki Bwera na mke wangu na kuutazama mlima kutoka chini.

Jioni tuliirudisha ndege yadini, na usingizi wa Alhamisi ulikuwa mbaya. Ila nilipoamka kuswali alfajiri nilikuwa nimeshajua la kufanya, na nikijua la kufanya mimi huwa sina wasiwasi tena.

Leo ni siku ya soko. Alikuwa ameshatangulia na bodaboda. Nikaendesha polepole safari hii. Sikutunga hotuba. Nikaingia sokoni, nikasalimia meza moja baada ya nyingine, nikasalimia wauza samaki mmoja mmoja kwa jina, nikafika kwa Maman Masika nikapiga goti kama ningefanya kwa mama yangu mwenyewe. Papa Kasereka alikuwa anamimina mawese kwenye chupa za wateja. Wanawake walikuwa karibu wale wale. Nikaongea kwa sauti ile ile ya Jumanne, ili waliosikia lile wasikie na hili.

Nikasema Jumanne nilisimama hapa nikamwita Papa Kasereka mzembe. Nikasema aliyetia grisi ni mimi. Nikainua kidole chenyewe. Nikasema yeye alikuwa na ushahidi kwenye mkoba wake, mkononi, na alinyamaza ili anifichie aibu yangu, na kwamba kama kuna fundi makini kutoka Katunguru hadi mpakani basi ni huyu anayemimina mafuta. Nikasema naomba msamaha, kwake na kwa mke wake, hapa hapa.

Halafu yule muuza samaki akasema, "Kumbe ni kidole ya Hajati," na wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, maana sikuwa na njia nyingine na kwa kweli kilikuwa kidole cha kuchekwa.

Maman Masika hakucheka. Alinishika mkono, akakigeuza kile kidole huku na huku akikikagua kama ndizi ya kuuzwa.

"Ile mafuta mulitoa yote?" akauliza.

"Yote, mama. Mtungi ni mwingine kabisa."

"Njo vizuri," akasema, ameridhika, akaniachia, akageukia mteja.

Papa Kasereka alifunga chupa aliyokuwa anajaza, akaifuta, akampa mwenyewe. "Asante, patroni," akasema. Macho yake yalikuwa na unyevu, au labda ni moshi wa wauza mihogo. Kisha akaendelea na kazi. Hakusema neno juu ya Jumamosi, nami sikuuliza. Niliona haya. Mtu hawezi kuomba msamaha na papo hapo akaanza kudai jibu.

Wakati wa kuondoka alipanda pikapu pamoja nami. Maman Masika alimletea kifurushi kilichofungwa kwa kitenge, akakiweka mwenyewe nyuma ya kiti. Tulifika Kasese kabla ya swala ya Ijumaa. Nikaenda msikitini, yeye akaenda kupumzika.

Niliporudi hakuwepo, alikuwa amekwenda mjini kununua betri ya redio. Kaye lilikuwa limewekwa juu ya bawa, kalamu katikati, kwenye ukurasa ninaotakiwa kusaini kila siku kwa sheria yangu mwenyewe. Nikasaini. Kisha upepo ukageuza kurasa nyuma, au tuseme ukweli, nikazigeuza mimi. Nilitaka kuona Jumanne alikuwa ameandika nini juu yangu.

Hakuandika chochote juu ya soko. Neno mzembe halimo. Ameandika kuwa nati ya regyuleta imekutwa na grisi, imefunguliwa. Chini yake, kwa kalamu ile ile, mwandiko ule ule wa kulala kulia, kuna mstari mmoja zaidi, na Samedi kwao ni Jumamosi, yaani kesho:

"Samedi, asubui mapema, kupanda. Patroni kushoto, Kasereka kuume. Oxygène ya batu babili."

Jumanne. Siku ile ile. Kabla sijatuma mtungi Kampala, kabla sijapiga goti, kabla wauza samaki hawajacheka. Siku tatu mimi ninajiuliza kama atakubali, na yeye alikuwa amekwisha andika.

Nililia kidogo, hapa kwenye kreti. Si vibaya.

Alhamisi, kumbe, kweli alikuwa anasikiliza injini tu.

Kifurushi cha Maman Masika kiko kwenye kiti cha kulia. Nimechungulia, naungama. Kuna sweta zito la sufu, na chini yake shati lake jeupe la Jumapili limepigwa pasi, na tai. Anakwenda kumwona mama yake, hawezi kwenda na ovaroli.

Mafuta ya ndege yamejaa. Mtungi umejaa. Hali ya hewa ni kama ya leo, nimeuliza mara tatu. Kesho mlima utajianika saa kumi na mbili, na saa moja sisi tutakuwa tumeupita mabega. Mikono nitaitia udhu alfajiri kama siku zote, kisha nitainawa tena kwa spiriti, kidole kidogo cha kushoto mara mbili. Na nati zote nitaziacha kwa mwenyewe.